Bilauri, Tungi na Kidaka

Mtu wa Kigali akiomba maji ya kunywa mezani, chombo anacholetewa hukiita ikirahuri. Vikiwa viwili au zaidi ni ibirahuri. Lubumbashi husikika kilauri, na wingi wake bilauri. Mswahili wa pwani akiyasikia maneno hayo hutega sikio, maana hilo la wingi ni lake mwenyewe, isipokuwa Unguja na Mombasa bilauri ni umoja: bilauri moja, bilauri mbili. Bara lilipolipokea neno hili liliisikia ile bi- ya mwanzo kuwa ni kiambishi cha wingi, kwa kuwa huko watu husema bintu pale sisi tunaposema vitu. Likaunda umoja uliokosekana. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Watu walikipokea chombo mkononi pamoja na jina lake, wakalikata jina mahali walipoona pana kiungo.

Nasi wa pwani tulilipokea kwa namna hiyohiyo. Kwa Waarabu asili ya bilauri ni jiwe: ile fuwele angavu ichimbwayo ardhini, ambayo mafundi wa Misri ya Wafatimi waliichonga kuwa mabirika ya makasri. Lilipotua kwetu, jina la jiwe likawa jina la chombo cha kunywea, hata kile cha bei ya chini kabisa. Baadaye likaja glasi, Wakenya wakasema gilasi, na bilauri likaanza kusukumwa pembeni, likabaki kwenye vinywa vya wazee na kwenye vitabu vya shule. Nalisikitikia, na nadhani liko la kufanya ili lirudi kazini.

Tazama tunavyosema kuhusu vile vyombo vizito vyenye mikato, vinavyong'aa pembe zote, ambavyo kila mpenda vyombo kuukuu huviwinda sokoni. Muuzaji huviita kristali. Lakini wanakemia wetu wana fuwele, istilahi nzuri iliyokaa vizuri, nayo ni mango, yaani kitu kigumu, ambalo chembe zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, kama chumvi, sukari na almasi. Kioo hakina mpangilio huo. Kimeganda kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kujipanga. Kinachoitwa kristali ni kioo kilichotiwa oksidi ya risasi, ambayo hukifanya kiwe kizito, kipinde mwanga kwa nguvu, na kilie kwa sauti ndefu kikigongwa kwa ukucha. Kwa sheria za Ulaya, kristali ya risasi lazima iwe na angalau asilimia 24 ya oksidi hiyo. Kwa hiyo dukani tunauziwa fuwele isiyo na fuwele. Pendekezo langu ni kwamba glasi ibaki kwa chombo cha kila siku, na bilauri, neno lililotoka kwenye jiwe lenyewe, lipewe hiki kinacholia. Na anayekileta nyumbani akiweke rafuni kwa ajili ya macho. Maji ya ndimu au divai vikilala humo siku nyingi hunyonya risasi.

Kioo nalo ni neno lililobeba mzigo mkubwa. Ni kitu tunachojitazamia asubuhi, ni kipande kilichomo dirishani, ni uso wa simu, na wahakiki wa fasihi wamelifanya kuwa jamii inamojiona. Kiwanda cha chupa cha Dar es Salaam kinaitwa Kioo, na hakitengenezi hata kimoja cha kujitazamia. Ukimwambia jirani kwamba umepamba sebule kwa vioo, ataona mbele yake kuta za saluni. Inabidi useme vyombo vya kioo, na hapo tayari umeanza kueleza badala ya kutaja.

Lakini lugha haikuwa maskini. Ilivitaja vyombo hivi kwa kazi zake, ikaacha suala la vilivyotengenezwa kwa nini. Chupa huzibwa, jagi humimina, bilauri hunywewa, chimni huuzunguka mwali wa taa ili upepo usiuzime, mrashi humnyunyizia mgeni marashi ya mawaridi. Kandili na fanusi zina vioo pande zote, ila jina lao linahusu mwanga. Sehemu za chombo zilipewa majina ya mwili: chupa ina mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako. Na mwili nao ukakopa kutoka kwenye chombo, kwani mjamzito maji yakimtoka, wakunga husema chupa imepasuka.

Shida huanza chombo kinapoacha kazi yake. Chupa ya kijani ya mafuta ya zeituni imekwisha, imeoshwa, imesimamishwa dirishani ipokee jua la asubuhi. Haizibi tena chochote. Chimni ambayo taa yake ilikwishaliwa na kutu imevishwa mshumaa. Chupa ya dawa ya kikohozi imetiwa kijiti kimoja cha mrehani. Wenye nyumba husema ya urembo, ya pambo, au ya kuweka tu. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu kuweka kwa Kiswahili ni zaidi ya kukalisha mahali. Mtu huweka akiba, huweka siri, huweka ahadi. Chombo cha kuweka ni chombo ambacho mwenyewe ameamua hakitapotea, na nadhani hiyo ndiyo tofauti kati yake na takataka iliyosahaulika juu ya kabati.

Pengo halisi liko kwenye chombo kimoja. Kile cha kioo chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kilichokuja na jemu, kahawa, asali au achari. Nyumba za mijini zimejaa hivyo. Wapo wanaokiita chupa, ingawa shingo hakina. Wengine husema kopo au mkebe, ingawa hayo ni ya bati. Wengi hutamka neno la Kiingereza kama lilivyo. Ndicho chombo kinachofaa kuliko vyote kwa anayeanza kupamba, maana hakina gharama, hukaa imara, hupokea maua, mchanga, kokoto za pwani, vifungo, mdalasini na iliki, nacho ndicho kisicho na jina.

Jina nadhani lipo, ila ili kulifikia lazima tuingie kwanza kwenye nyumba za mawe za Lamu.

Katika nyumba kubwa zilizojengwa huko karne ya 18, chumba cha mwisho kabisa, kiitwacho ndani, kina ukuta uliotobolewa safu kwa safu za vijumba vidogo visivyopenya upande wa pili, kingo zake zikiwa zimepakwa chokaa na kutiwa nakshi. Hivyo ni vidaka. Waamu husema zidaka, kwa kuwa lahaja yao huweka zi- pale Kiunguja kinapoweka vi-: zitu, zombo, zidaka. Humo zilikaa sahani za Uchina, vitabu, na vyombo vya kioo vilivyoletwa na majahazi. Kioo chenyewe kina umri mrefu katika pwani hii. Kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinakitaja miongoni mwa bidhaa zilizoletwa katika bandari ya Rapta pamoja na mikuki, shoka na visu. Kinachonigusa kuhusu kidaka ni kwamba mjenzi alipaacha mahali pa pambo kabla pambo halijanunuliwa. Pambo lilikuwa na anwani ndani ya ukuta wenyewe.

Unguja nako hali ilikuwa karibu na hiyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndani yake ameeleza kuta za vyumba vya jamaa zake: sehemu zilizoingia ndani ya ukuta, zimegawanywa kwa mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu ya mbao hizo vyombo vya kioo na vya kaure vimepangwa kwa ulinganifu mkali, upande huu ukijibu upande ule. Anasema kwa kitu kizuri cha kioo watu hawakuuliza bei. Nikisoma maelezo hayo naona mazoea yetu ya leo yana mama: lile kabati la vyombo lenye milango ya kioo, glasi za maua zilizofunikwa kichwa chini juu ya vitambaa vya kufuma, chupa za chai zikiwa zimesimama pembeni, na onyo kwa watoto wasiliguse. Waliolidharau kabati hilo kwamba ni ushamba hawakujua lilikotoka.

Mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha maanguko ya mji wa Pate, alikwenda kwenye madaka yaliyokuwa ya kuwekea vyombo, akayakuta yamekuwa makao ya makinda ya ndege. Alijua msomaji wake ataelewa mara moja. Nyumba iliyo hai hujulikana kwa kilichomo kidakani.

Mahali pengine panapokutana kidaka na kioo ni katika Aya ya 35 ya Sura An-Nur, aya ya nuru. Humo mna kijumba cha ukutani, ndani yake taa, na taa imo katika kioo kinachofananishwa na nyota. Kiarabu kinasema mishkati, misbahi, zujaja. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, alipoifasiri Kurani kwa Kiswahili, mishkati aliiita shubaka, na ile zujaja aliiita tungi. Nimekaa na uteuzi huo muda mrefu. Angeweza kusema kioo, na msomaji angefikiria kipande bapa, au mbaya zaidi, kitu cha kujitazamia. Alitaka umbo: kitu chenye tumbo, kinachozunguka mwanga pande zote na kuupitisha. Akaenda kwenye ukoo wa mtungi, ambao kila mtoto wa Kiswahili anaujua umbo lake, akalichukua neno tungi likafanya kazi ya kioo.

Basi hilo ndilo jina ninalolidai kwa kile chombo cha jemu. Tungi la kioo, na baada ya kuzoeleka, tungi tu, wingi matungi. Lina tumbo, lina mdomo mpana, linapitisha mwanga. Najua kwamba katika lugha ya vijana wa Dar es Salaam tungi ni pombe, na yupo atakayecheka akisikia matungi yamejaa dirishani kwa shangazi. Hilo halinitishi. Chupa nayo hutajwa kila siku kwa maana ya kileo, na bado wakunga wanaitumia bila haya. Neno huweza kuwa na kazi mbili.

Kwa taa nyingi za kioo zinazoning'inia darini tunalo thurea, nalo limetoka kwenye jina la Kiarabu la kundi la nyota ambalo sisi wakulima tunaliita Kilimia. Anayeangika matungi madogo yenye mishumaa chini ya mwembe siku ya sherehe ana haki kamili ya kusema ametengeneza thurea.

Sasa sokoni. Vyombo vingi vya namna hii hupatikana vikiwa vimekwishatumika, nasi tunaviita vya mtumba. Neno hili lina safari yake. Katika misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo alilotwikwa mpagazi kutoka pwani kwenda bara, na nguo hizo zilikuwa mpya, merikani na nyinginezo. Kando yake ulisafiri ushanga wa kioo. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari ya maziwa makuu, anataja ushanga mwekundu wa samesame kwamba ulipewa jina la sifa lenye maana ya kumaliza chakula, kwa vile mtu aliweza kutoa mlo wake ili aupate. Zilipokuja nguo kuukuu kutoka ng'ambo, Watanzania waliziita kafa Ulaya, Wanyarwanda wakachukua kitenzi chetu chagua wakaziita caguwa, na mwishowe mtumba likashinda sehemu kubwa ya eneo hili. Kioo hakifungwi robota likabanwa kwa mashine. Huja katika maboksi, kimezungushiwa magazeti. Lakini tunasema glasi za mtumba na tunaeleweka. Jina la kifungashio limekuwa jina la maisha ya kitu kabla hakijatufikia.

Wauza nguo wa Nairobi wana istilahi zao za daraja: kamera ni chaguo la kwanza robota likifunguliwa, fagia ni masazo. Vyombo vya kioo bado havina msamiati kama huo, nami ningependa wachuuzi na wanunuzi waujenge pamoja, kwa sababu neno sahihi huzuia ugomvi wa bei. Ufa ni mstari uliopenya. Chombo chenye ufa hakina dawa, na maji ya moto yatakimaliza. Pengo ni mahali mdomo ulipomeguka; huonekana kwa kupitisha kidole polepole kuuzunguka ukingo, na chombo chenye pengo bado kinafaa kwa maua, mradi kisinywewe. Ukungu ni ule weupe usiotoka kwa sabuni. Ukitoka kwa siki, yalikuwa machumvi ya maji. Usipotoka, kioo chenyewe kimelika.

Yapo mawili zaidi ambayo yangemsaidia mnunuzi kujua anachokishika. Chombo kilichotengenezwa kwa kalibu huacha mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Huo tuuite mshono, kama wa nguo. Kilichopulizwa kwa mdomo bila kalibu hakina mshono. Geuza kitako chake juu, na mara nyingi utaona duara dogo la mkwaruzo katikati, pale fimbo ya chuma ilipokishika wakati fundi akimalizia mdomo, kisha ikakatwa. Hapo nadai kitovu. Ni alama ya mahali chombo kilipoachana na kilichokuwa kikikishika wakati wa kuumbwa, na tukiwa tumekwishazipa chupa shingo na tumbo, sioni kwa nini tuzinyime kitovu. Anayetaka kushuhudia kazi hiyo aende Kitengela, kusini mwa Nairobi, kwenye karakana aliyoianzisha Nani Croze, au Arusha kwa mafundi wa Shanga, ambao wengi wao ni watu wenye ulemavu. Kote kuwili kioo kilichotupwa huyeyushwa na kupulizwa upya.

Kinachoyeyushwa humo nacho kina majina yetu. Kioo cha kawaida ni mchanga kwa kiasi cha asilimia 70 na kitu, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni magadi na chokaa. Mchanga peke yake unadai joto la karibu nyuzi 1,700 ili uyeyuke. Magadi hulishusha joto hilo sana, na chokaa hukifanya kioo kisiyeyuke majini. Magadi ni yaleyale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Magadi yanayochimbwa kibiashara katika Ziwa Magadi la Kenya huuziwa viwanda vya kioo. Na chokaa ndiyo iliyopakwa kwenye vidaka vya Lamu. Kidaka na tungi ni jamaa kwa damu ya chokaa.

Rangi hutokana na uchafu au na kusudi. Chuma kidogo kilichomo mchangani hutoa kijani, ndiyo maana chupa za kale, ambazo mchanga wake haukusafishwa, zina kijani cha maji ya bahari. Kobalti hutoa buluu nzito. Kahawia ya chupa ya bia hutokana na chuma, salfa na kaboni, na imewekwa makusudi ili izuie mwanga unaoharibu ladha. Anayepanga dirisha lake kwa rangi moja, kijani kizito hadi kijani hafifu, atapata uzuri mwingi kuliko aliyechanganya kila kitu alichookota. Hapo simkubalii Sayyida Salme na ulinganifu wa jamaa zake. Ukuta wa mawe wenye kina uliuhimili; ukuta wetu wa tofali jembamba hauna kina, na safu iliyosawazishwa mno juu yake hufanana na duka. Acha nafasi. Chupa ndefu isimame mbali na tungi fupi. Na tungi la mviringo lililojaa maji lisikae kwenye jua la mchana karibu na pazia, kwani hukusanya miale kama lenzi na moto umewahi kuzuka kwa njia hiyo.

Mrashi uwekwe mbele, mahali pa kufikika. Ndio pekee katika safu hiyo ambao haujaacha kazi. Siku ya maulidi au harusi hushushwa, hutiwa marashi, huzungushwa kwa wageni, halafu hurudishwa mahali pake. Kuuita pambo ni kuupunguzia daraja.

Limebaki neno la tendo lenyewe. Tunasema kupamba, na tunasema kupanga: panga vyombo, panga maua. Kitenzi hichohicho ndicho cha kukaa kwenye nyumba ya mtu kwa kodi, na wengi wa wanaopenda mapambo haya mijini ni wapangaji kwa maana zote mbili. Mwenye nyumba hataki misumari, hataki rangi mpya, na mtu asiye na hati ya kiwanja hawezi kutoboa kidaka. Kioo kinamfaa mpangaji kwa sababu hakimdai ukuta kitu. Kinahitaji ukingo wa dirisha, ubao uliokalishwa juu ya matofali mawili, na mwanga. Mkataba ukiisha, matungi hufungwa kwa khanga moja moja, vizibo vikakaa kwenye mfuko wao, na mwenye nyumba hana tundu la kukata kwenye amana.